Mikono ya Aliyezaa

Kwetu mlimani mwanamke aliyejifungua hakuachiwa mwili wake auuguze peke yake. Siku ya tatu, kabla jua halijapata nguvu, mama yangu alikuwa ameshafika mlangoni kwake na chungu cha maji, majani ya mlimao na mafuta ya nazi kwenye chupa iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi. Alimkanda asubuhi, akarudi jioni akamkanda tena, mpaka siku arobaini zitimie. Hakutaja malipo na hakukataa alichopewa: kuku, pakiti ya chumvi, doti ya khanga kama mume alikuwa na kazi mjini. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya bibi, na kabla ya bibi ilikuwa ya mama yake bibi. Sisi Waluguru tunafuata ukoo wa mama, na mikono ya kukanda nayo ilifuata njia hiyo hiyo.

Mimi ni binti pekee wa mama, kwa hiyo zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Nilimbebea chungu tangu nikiwa na miaka saba. Nilipofika kumi na miwili niliweza kukwambia, kwa kumwangalia tu mwanamke anavyoinuka kutoka kwenye kigoda, kama maumivu yako kiunoni au yamepanda mbavuni. Lakini palikuwa na sharti. Mikono hiyo hukabidhiwa aliyezaa, yaani mwanamke ambaye amekandwa mwenyewe na anajua maumivu yanajificha wapi. Niliolewa, nikakaa miaka sita kwa mume, nisipate mimba hata ya kusingiziwa. Nikarudi kwa mama na godoro langu kichwani. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, alinisindikiza mpaka darajani akilia. Mbaya alikuwa mama mkwe, lakini naye ameshatangulia, tumwache apumzike.

Niliporudi nilimwomba mama anikabidhi kazi. Alikuwa anafunga mafungu ya mchicha kwa ajili ya soko la kesho yake.

"Haiwezekani, mwanangu," alisema. "Siyo mimi niliyepanga."

"Ni nani aliyepanga?"

Alifunga fungu lingine, akakata kamba kwa meno. Mama hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali, ningepata wa kugombana naye. Nilikaa mwezi mzima, kisha siku moja nikafunga nguo zangu ndani ya shuka, nikateremka mjini.

Nilishuka na wazo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Miaka ile sita ya ndoa nilikuwa nimelima, nimeteka maji, nimepika, nimeitwa tasa, na jioni hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunishika mgongo ili upoe. Nilifikiri sana nikaona mwanamke wa kwetu hushikwa kwa upole mara tatu tu: akiwa mwali, akiwa mzazi, na akiwa maiti. Katikati ya hapo ajitegemee. Nikasema nitafungua chumba, na atakayeingia hataulizwa ameolewa lini wala amejifungua lini. Ataulizwa anaumwa wapi. Siku hizi kuna mabinti wanafungua nyumba za namna hiyo, wanaweka muziki laini na mataulo, na wengine huja kuniuliza nilianzaje. Nilianza kwa uongo, ndiyo hivyo.

Nilipata chumba Mwembesongo, katika nyumba ya mjane wa mtu wa reli. Alikuwa mfupi, mnene, Mwislamu wa swala tano, na sauti yake ilitosha mtaa mzima. Alikuwa pia mjumbe wetu wa nyumba kumi, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Mjini watu wasio na kazi inayoeleweka walikuwa wanakusanywa na kupakiwa kwenye malori, wanapelekwa vijijini kulima. Mwenye barua ya mjumbe kwamba ana kazi aliachwa. Asiye nayo, safari.

"Kazi gani?" aliniuliza, kalamu mkononi.

"Kukanda wanawake, mama. Na kuwafukiza, na kuwasugua miguu."

"Waliojifungua."

"Hata wasiojifungua. Yeyote aliyechoka."

Aliweka kalamu chini. "Ngoja nielewe. Mwanamke mzima, hana harusi, hana kichanga, haumwi malaria, anaingia chumbani kwako, anavua nguo, anakandwa, kwa sababu amechoka?"

"Ndiyo, mama."

"Nani hajachoka?"

"Ndiyo maana, mama."

Alirekebisha ushungi wake. "Na chama wakiniuliza huyu ni mfanyakazi au ni kupe, nitawaambia nini?"

"Kupe hunyonya. Mimi nitasugua."

Alijizuia kucheka, lakini mashavu yalimsaliti. Akaishika tena kalamu. Kabla hajaandika akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Una watoto wangapi?"

Nilijua swali hilo litakuja. Mkandaji yeyote huulizwa hivyo, kama fundi cherehani anavyoulizwa kama ana mkasi. Na nilijua nikisema sina, barua ile haitaandikwa, na hata ikiandikwa hakuna mwanamke atakayelaza mgongo wake chini ya mikono yangu.

"Wawili," nilisema upesi.

"Wako wapi?"

"Mlimani, kwa mama yangu."

Akaandika. Alinipa miezi mitatu ya kuonekana ninafanya nini. "Nikisikia umemvunja mtu mgongo," alisema, "lori utalipanda kwa miguu yako mwenyewe."

Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama uani. Nilikipaka chokaa. Nilitafuta kitanda cha kamba, kigoda cha kukalia wakati wa kufukizwa, blanketi la kujifunika mvuke usikimbie, na jiwe la kusugulia visigino ambalo nililiokota mwenyewe mtoni, nikiyajaribu mawe kwenye kisigino changu moja baada ya jingine mpaka wapita njia wakadhani nimechanganyikiwa. Mafuta ya nazi nilikamua mwenyewe kwa kuwa dukani hayakuwapo. Sabuni ilikuwa kwa foleni. Shuka ndilo lililonitesa. Nilijipanga duka la ushirika tangu asubuhi, na zamu yangu ilipofika nguo iliyokuwapo ilikuwa ya aina moja tu, bafta nyeupe. Nilifurahi kupita kiasi. Nikakata shuka mbili, nikazifua, zikang'aa. Halafu nikasema maji ya kuogeshea hayawezi kukosa harufu nzuri. Kwetu misheni masista walikuwa na dawa ya kupaka kifua yenye kafuri, na kwangu mimi harufu ile ilikuwa harufu ya kupona. Sokoni nikaikuta kafuri, nikanunua.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja jirani aliyekuwa akishona maturubai kiwandani, shingo yake imekakamaa kwa kuinamia cherehani. Alikuja Jumamosi baada ya kazi kwa sababu mama mwenye nyumba alimwambia aje. Nilitandika bafta, nikakoroga kafuri kwenye maji ya uvuguvugu, nikashusha pazia.

"Lala chali, dada," nilimwambia kwa sauti laini niliyokuwa nimeifanyia mazoezi. "Nyoosha miguu. Fumba macho. Usiwaze chochote."

Akalala. Nikaanza kumwagia maji, bega la kulia kwanza, taratibu, kisha la kushoto. Nikaona amefumbua jicho moja.

"Dada, kinachonukia ni nini?"

"Kafuri."

Akashika ukingo wa kitanda. "Na hii shuka?"

"Bafta. Mpya kabisa, haijalaliwa na mtu."

Sijawahi kuona mtu mwenye shingo mbovu akiinuka kwa kasi ile. "Mimi bado!" alipiga kelele. "Wallahi mimi bado!" Alitoka na bafta yangu imemzunguka, akakatiza uani ambako wanawake walikuwa wanachagua mchele, nao walipomwona kila mmoja alishika njia yake. Mchele ulimwagika wote.

Mama mwenye nyumba alikuja kuangalia kilichotokea. Alisimama mlangoni, akanusa, akatazama kitanda cha kamba, akatazama shuka iliyobaki. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alikaa chini sakafuni pale pale, akacheka mpaka machozi yakamlowesha ushungi.

"Mwanangu," alisema alipopata pumzi, "umemwosha mtu huku unamwona anapumua."

Ndipo akanieleza. Kwao bafta ni sanda. Kafuri ni ya maji ya mwisho ya kuoshea maiti, na kuanza upande wa kulia ndivyo waoshaji wanavyofanya. Kwetu mlimani marehemu huvalishwa nguo yake nzuri ya kanisani. Ningejuaje? Nililia kwa aibu. Yeye akanyoosha mkono akachukua shuka zote mbili. "Hizi nipe mimi," alisema, "zitanifaa siku yangu. Nitakupa khanga doti mbili."

Na kweli alizihifadhi sandukuni, na siku yake ilipofika, miaka mingi baadaye, hizo ndizo zilizomfaa.

Kuanzia hapo akajifanya mwalimu wangu bila kuombwa. Alikuwa somo, yaani kungwi, wa mabibi harusi mtaani, akijua kutengeneza singo, ule unga wa kusugulia mwili wa mwali: karafuu, liwa, maganda ya machungwa yaliyokaushwa na kutwangwa, na marashi kidogo ya kuloweshea. Karafuu na mdalasini vya kwetu Uluguru nilivijua vikiwa bado mtini, lakini sikujua kuvilainisha mpaka vikubali ngozi. Alinifundisha akinifokea. Yule mama wa maturubai aliyenikimbia, alimfuata yeye mwenyewe nyumbani kwake, akamrudisha akimshika mkono, na safari hii mteja wangu alilala kifudifudi juu ya khanga yenye maua mekundu, akiwa ameapa hatafumba macho. Alifumba. Alilala usingizi mpaka akakoroma, na alipoamka aligeuza shingo kulia, akageuza kushoto, akanitazama kama vile nimemrudishia kitu alichoibiwa.

Nilikuwa na furaha siku hiyo ambayo sikuwahi kuijua kwa mume wala kwa mtu mwingine. Sioni haya kuisema.

Wakaanza kuja. Walikuja kwanza kwa kujificha, wakipitia uchochoro wa nyuma. Mwanamke wa heshima alivyoona haya kuonekana anastarehe! Alikuja mwalimu wa kike ambaye miguu yake ilivimba kwa kusimama, muuguzi aliyekanda wengine wodini maisha yake yote na hakuwahi kukandwa, na mama mmoja wa Gairo aliyeteremka kwenye basi na gunia la karanga, akakaa juu yake uani kwangu akisema hatoki mpaka kiuno kimenyooka. Bibi wazee walikuja kusuguliwa singo, wakicheka kama wanawali. Wengi walilia nilipowashika mara ya kwanza. Nilijifunza kutowauliza kwa nini. Unaendelea tu na kazi, mikono isisite, na machozi huisha yenyewe.

Lakini kila mmoja, akishavaa nguo zake, aliuliza watoto wangu hawajambo.

Uongo nao una njaa, usipoulisha unakufa. Ilibidi watoto wangu wakue. Mkubwa nilimwanzisha shule. Mdogo nilimpa surua, kwa sababu wiki ile mteja mmoja alikuwa na mtoto mwenye surua na alikuwa na hofu sana, nikataka ajue hayuko peke yake. Basi kila aliyekuja akawa anauliza habari za surua. Nilianza kuona kwa macho ya moyo jinsi yule mdogo alivyojikuna na jinsi nilivyomkataza. Nikipita dukani nikiona viatu vidogo nilisimama. Wengine husema mficha uchi hazai, na mimi nilijiambia kwamba siyo kosa langu, nimeficha kwa sababu sizai. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kuwapenda.

Miezi mitatu ikapita, na barua ikaandikwa tena bila maneno mengi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilienda mpaka masika yakaisha. Ndipo mama akaja.

Hakuwa ameniambia. Jamaa mmoja aliyepanda mlimani alikuwa amempelekea habari kwamba binti yake anaogesha watu wazima mjini kwa malipo, naye akauza mboga zake sokoni asubuhi, akabeba tenga tupu, akauliza njia mpaka Mwembesongo. Alikuja kunichukua nirudi nyumbani. Uani walikuwako wanawake watano juu ya mkeka, miguu yao kwenye mabeseni ya maji ya chumvi, wakisubiri zamu. Mimi nilikuwa ndani, mikono imezama mgongoni mwa yule mwalimu. Pazia ndilo lililokuwa kati yetu.

Nilimsikia akipiga hodi. Nilijua sauti ile kabla haijamaliza neno.

"Karibu, mama, shikamoo!" wakaitikia.

"Marahaba, wanangu. Namtafuta binti yangu, mkandaji."

"Ala! Kumbe ndiye bibi mwenyewe wa wale watoto!" Huyo alikuwa mama wa maturubai, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. "Pole na safari, mama. Wajukuu hawajambo? Yule mdogo, surua imepona?"

Hapakuwa na sauti. Hata maji ya mabeseni sikuyasikia.

Lazima umjue mama yangu ndipo uelewe ukimya ule. Alikuwa mwanamke wa rozari shingoni. Aliwahi kushuka misheni siku isiyokuwa ya maungamo akamwomba padri amsikilize, kwa sababu alikuwa ameuza kuku akasema bado anataga na hakuwa na hakika. Mtu wa namna hiyo alisimama uani kwangu na tenga lake, akiulizwa hali ya wajukuu ambao hakuwa nao, alioomba kwa Bikira Maria kwa miaka sita awe nao.

"Imepona," alisema mama. "Tunamshukuru Mungu."

Akainua pazia akaingia. Hakunisalimu. Alikaa kwenye kigoda cha mvuke, mikono juu ya magoti, akaangalia ninavyofanya kazi. Mwalimu alikuwa amelala kifudifudi, hajui kilichokuwa kikipita juu ya mgongo wake. Niliendelea, maana mikono haitakiwi kusita.

"Umepapita," mama alisema baada ya muda. "Rudi juu kidogo. Hapo karibu na bega."

Nikarudi. Kidole gumba kikagonga kifundo kama punje ya mahindi, mahali nilipokuwa nimepita mara mbili bila kukijua.

"Usikisukume. Kaa juu yake mpaka kichoke."

Nikakaa juu yake. Kikalegea polepole, na mwalimu akatoa pumzi ndefu. Katika maisha yangu yote mama hakuwa amewahi kunielekeza mkono. Nilikuwa nimeiba kazi ile kwa macho, na sasa mwenye mali alikuwa ananikabidhi kipande kimoja, pale pale, katikati ya hasira yake.

Mwalimu alipoondoka tulibaki wawili. Nilisubiri anitukane. Aliiangalia chokaa, akaangalia kopo la singo, akanusa.

"Huyo mwenye surua," aliuliza, "ni wa kiume au wa kike?"

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Wa kike, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari za nyumbani. Niliona kwamba alikuwa anamfikiria. Kisha akajifuta uso kwa pembe ya khanga.

"Nimemdanganya mmoja," alisema. "Wa pili sitamweza. Nenda ukawaambie."

"Mama, wataondoka. Wakiondoka barua itafutwa. Nitapandishwa lori."

"Basi utapandishwa."

Nilitoka. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshafika uani kumlaki mgeni, chai mkononi, kwa hiyo akawa wa sita. Nilisimama mbele yao mikono ikinuka mafuta, na nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyakimbia tangu mlimani. Nilisema sina watoto. Sikuwahi kuzaa. Sikuwahi kukandwa na mtu. Wale wawili niliwatunga.

Mmoja wao, mke wa karani, alitoa miguu yake kwenye beseni, akaikausha kwa khanga yake mwenyewe, akavaa ndara na kuondoka bila kuniaga. Sikumwona tena, na simlaumu. Wengine walibaki wameinamia maji yao. Nilimtazama mjumbe wangu, maana ndiye aliyeshika maisha yangu.

Alimpa mama chai kwanza. Kisha akasema, "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ulijuaje?" niliuliza.

"Ulisema wawili upesi mno. Mwanamke aliyezaa hasemi wawili. Husema nimezaa wanne, ninao wawili. Nimezaa sita, ninao watatu. Huanza na wale alioacha makaburini." Sikuwahi kumwuliza yeye alizaa wangapi, na siku hiyo nilijuta. "Barua yako iko pale pale. Niliandika mkandaji. Sikuandika mzazi."

"Maji yangu yanapoa," alisema mama wa maturubai, akaangalia beseni lake. "Zamu yangu lini?"

Niliwahudumia wote. Machozi yaliniingia mdomoni nikiwa kazini, na safari hii wao ndio hawakuniuliza kwa nini.

Alasiri, mteja wa mwisho akaondoka. Mama alitakiwa awe ameshaanza kupanda mlima, maana njia ya kwetu ni mwendo wa saa tatu kwa mwenye miguu mizuri. Nilimwona badala yake anachochea mkaa, anateleka sufuria kubwa, anamwuliza mama mwenye nyumba kama mlimao wa jirani hukatwa majani na mtu yeyote. Alirudi na majani kifuani, akayatia majini. Nilidhani anataka kujiogesha kabla ya safari, nikamtandikia mkeka.

"Lala," aliniambia.

"Mama, sijazaa."

"Nani amekuuliza?"

Nikavua nguo, nikalala. Maji yalikuwa ya moto kuliko ninavyowawekea wateja. Alianzia mgongoni. Kazi ile nilikuwa nimeitazama tangu utoto na nilidhani ninaijua, kumbe sikujua kwamba huuma hivyo kabla ya kupoa. Chini ya mbavu, upande wa kushoto, alipata mahali ambapo sikujua kama nina kitu, akakaa juu yake hakutoka. Hapo nikalia kwa sauti, mwanamke wa miaka thelathini, mpaka mama mwenye nyumba akachungulia, akaliteremsha pazia bila kusema. Mama hakuniambia ninyamaze. Aliendelea, nyonga, mapaja, nyayo, kidole kwa kidole. Kisha akafungua khanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja kwa urefu, akanifunga tumbo akilikaza kama anavyofungwa mzazi ili nyonga zirudi mahali pake. Tumbo langu halikuwa limewahi kubeba mtu. Alilifunga kwa uangalifu ule ule, akapiga fundo, akapitisha kidole chini yake kuona kama napumua.

"Limekubana sana?"

"Hapana, mama."

"Haya. Mpaka kesho asubuhi."

Nikamwambia mboga zitaharibika shambani.

"Ziharibike," alisema, akamwaga maji uani.

Alikaa siku zote arobaini.